Sauti Safi na Neno Timamu: Juu ya Kupima Rekodi za Taarabu ya Mombasa

Utangulizi

Muziki wa okestra na wa kwaya una desturi ndefu ya kuhakikiwa kwa njia ya santuri. Huko Ulaya utungo mmoja wa Beethoven huweza kurekodiwa mara nyingi sana, na mhakiki huzilinganisha rekodi hizo kwa maswali yanayojulikana: Je, ala zimesikika kwa ulinganifu? Je, kasi ya wimbo imefaa? Je, ukumbi umeipa sauti kina, au umeifinya? Maswali hayo yana maana kwa sababu kuna kitu kimoja kisichobadilika, nacho ni nota zilizoandikwa na mtunzi. Kila rekodi hupimwa kwa kurejeshwa kwenye nota hizo.

Katika Pwani ya Afrika Mashariki taarabu ndiyo iliyoshika nafasi hiyo ya muziki wa okestra wenye adabu na kanuni zake. Lakini hapa nota hazikuwa ndizo asili ya kazi. Kilichotungwa kwanza, na mara nyingi kuandikwa, ni shairi. Mahadhi na ala hufuata. Hata hivyo rekodi za taarabu zimekuwa zikipimwa kwa kipimo kile kile cha Ulaya, yaani usafi wa sauti na ukubwa wa kundi. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, na kwamba kimewapotosha wasomi wa lugha, ambao kwao santuri na kanda si burudani tu bali ni matini. Ushahidi utatolewa katika taarabu ya Mombasa, hasa jinsi inavyosikika Kisauni, Likoni na Changamwe, sehemu za mji zilizo nje ya kisiwa, ambako arusi ndiyo hadhara kuu ya muziki huo.

Okestra ya Unguja na kundi la Mombasa

Hapana budi kuanza na tofauti iliyopo baina ya miji miwili. Unguja ina vyama vya muziki vyenye umri mkubwa. Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Vyama hivyo vilikuza okestra kwa mfano wa Misri: safu ya fidla, sello, besi, udi, kanuni, nai, akodioni, dumbaki na rika, pamoja na waitikiaji wengi. Wasikilizaji huketi ukumbini, na wimbo hutanguliwa na bashraf, yaani kipande cha ala peke yake. Muziki wa namna hiyo humfaa sana mhakiki aliyezoea kupima okestra, kwa kuwa maswali yake yote yana pa kushika.

Mombasa haikufuata njia hiyo. Makundi yake ni madogo, na mengi hujulikana kwa jina la mwimbaji wake: Zein l'Abdin na udi wake, Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Matano Juma. Ala nazo ni mchanganyiko wa kibandari: udi wa Kiarabu, tabla na mahadhi ya filamu za Kihindi, tashkota iliyotoka Japani, baadaye kinanda cha umeme na gitaa la besi. Katika nyimbo za Zuhura Swaleh mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake arusini, unasikika waziwazi. Kundi la watu watano au sita haliwezi kutoa wingi wa sauti unaotolewa na fidla kumi. Mhakiki anayepima kwa wingi huo ataiona Mombasa kuwa ni tawi dogo la Unguja, na ndivyo ilivyotokea.

Mfano ulio wazi ni wa majina. Mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Paris ilianza kutoa mfululizo wa diski za muziki wa Waswahili, na diski ya pili ilikusanya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, kwa kuwa iliokoa nyimbo ambazo sahani zake zilikwisha kuwa adimu. Lakini mfululizo wenyewe uliitwa Zanzibara. Msomi mgeni anayekuta nyimbo za Mvita chini ya jina hilo ataanza kuzisikiliza akiwa tayari ana kipimo cha Unguja kichwani. Atauliza ziko wapi fidla, kabla ya kuuliza shairi limesema nini.

Sahani na urefu wa shairi

Jambo la pili ni wakati. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zao, na huo ndio mwanzo wa santuri za Kiswahili kuenea katika Pwani nzima. Sahani za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua kiasi cha dakika 3 tu. Sahani ndogo za mizunguko 45, ambazo ndizo zilizotumiwa na lebo ya Mzuri ya Mombasa, ziliongeza muda huo kidogo, lakini hazikuubadilisha kwa kiasi kikubwa.

Athari yake kwa shairi yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme mshororo wa mizani 16, wenye ukwapi na utao, huimbwa kwa sekunde 10, na kila mshororo hurudiwa mara mbili kama ilivyo desturi. Ubeti wa mishororo mitatu utachukua dakika 1 kamili. Ukiongezwa mwitiko wa ala baina ya ubeti na ubeti, sahani ya dakika 3 na nusu haitoshi zaidi ya beti mbili na kipande. Shairi la beti saba litakuwa limekatwa chini ya nusu, isipokuwa liendelezwe upande wa pili. Na hata hapo ala lazima zipunguzwe.

Ukatwaji huu si hasara ya idadi tu. Nyimbo nyingi za Pwani hutungwa kwa mafumbo. Mtunzi huanza na mti, ndege au chombo cha bahari, akalijenga umbo lake ubeti baada ya ubeti, na ufunguo wa fumbo aghalabu huja mwishoni, pamoja na tamati. Sahani inayochukua beti za mwanzo peke yake humwachia msikilizaji umbo bila ya ufunguo. Shairi la kuonya juu ya mali ya mirathi, kwa mfano, litabaki kuwa wimbo wa mtu na mnazi wake. Na shairi la kisiasa litasikika kama malalamiko ya mapenzi. Inawezekana kabisa kwamba ile kauli inayorudiwa mara kwa mara, kuwa taarabu ni muziki wa mapenzi tu, imechangiwa kwa sehemu na urefu wa sahani.

Kwa upande huu Mombasa ina bahati ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mashairi mengi aliyoyaimba Juma Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka 1971. Msomi anaweza kuujua mkono wa mtunzi huyo katika chapa: urefu anaoupenda, namna anavyofunga, jinsi anavyopanga vina. Akiwa na ujuzi huo, anaposikia rekodi inayokoma ghafla katika ubeti wa tatu, atatambua kwamba kilichokoma ni sahani, si shairi.

Mpumuo unaopotea

Jambo la tatu linahusu fonolojia, nalo ni zito zaidi kwa wasomaji wa jarida la lugha. Kimvita hutofautisha vipasuo vyenye mpumuo na visivyo na mpumuo, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi. Paa la nyumba si sawa na paa wa mwituni, kwani wa pili hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la moto si sawa na kaa wa ufuoni, kwa sababu ile ile. Mtunzi wa Mvita hucheza na jozi hizo kwa makusudi. Anaweza kumtaja mnyama anayewindwa huku akiliashiria paa la nyumba ya mtu, na msikilizaji hodari hufahamu kwa pumzi tu ni lipi limetajwa wazi na lipi limefichwa.

Pumzi hiyo ni sauti nyembamba ya masafa ya juu, kama zilivyo sauti za s na f. Sahani za zamani hazikuyanasa vizuri masafa hayo, na ndiyo maana katika santuri iliyochakaa ni vigumu kubainisha sana na fana bila ya kusaidiwa na muktadha. Mikwaruzo ya sahani na mvumo wa ukanda nao hukaa katika masafa hayo hayo. Basi fundi anayesafisha rekodi ya zamani ili aichapishe upya hukabiliwa na shida: akiuondoa mvumo wote, huondoa na mpumuo pamoja nao. Matokeo yake ni sauti laini, tulivu, isiyoudhi sikio, ambayo mhakiki wa muziki ataisifu. Lakini kwa msomi wa lahaja, rekodi hiyo imefanywa kuwa Kiswahili cha kila mahali. Maneno kama mato kwa macho yatabaki, maana hayo ni ya msamiati. Kimvita cha kinywani kitakuwa kimefutwa.

Ni dhahiri basi kwamba usafi wa sauti na ukamilifu wa neno si kitu kimoja, na mara nyingine hupingana. Toleo lenye mikwaruzo laweza kuwa matini bora kuliko toleo lililosafishwa. Taasisi zinazohifadhi rekodi hazina budi kutunza nakala isiyoguswa kando ya ile iliyorekebishwa, na mchapishaji anapaswa kueleza kilichoondolewa.

Kwaya na kiitikio

Kisauni ina sababu ya pekee ya kutajwa katika mjadala huu, kwa kuwa mapokeo mawili ya uimbaji wa pamoja hukutana humo. Frere Town ilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na huko nyimbo za kanisa za Kiingereza zilipata maneno ya Kiswahili mapema. Katika mitaa hiyo hiyo arusi za Waislamu huimbwa taarabu na vugo. Mtu wa Kisauni huweza kusikia kwaya Jumapili asubuhi baada ya kusikia kiitikio cha arusi Jumamosi usiku.

Kwaya ya kanisa hupimwa kwa muungano wa sauti nne: zikilingana na kuwa kama sauti moja, imefaulu. Lakini hapo Kiswahili hupata taabu iliyojulikana tangu zamani. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi ya Kiingereza yalitungwa kwa lugha yenye mkazo wa namna nyingine. Neno Mungu likiwekwa juu ya pigo zito hukaa sawasawa. Neno Mwokozi likianza juu ya pigo hilo huhamisha mkazo kutoka ko kwenda Mwo, na sikio la Mswahili hushtuka. Rekodi ya kwaya yaweza kuwa na muungano kamili wa sauti huku mkazo wa nusu ya maneno umepinda.

Kiitikio cha taarabu hufanya kazi tofauti. Waitikiaji hawatafuti kuungana na mwimbaji. Hulipokea neno lake na kulithibitisha. Wakichelewa kidogo, au mmoja wao akipaza sauti kuliko wenzake, hilo si kosa, maana mwitiko ni jibu la watu, na watu hawajibu kwa mpigo mmoja. Mhakiki anayetumia kipimo cha kwaya kwa kiitikio ataandika kwamba waitikiaji hawakufanya mazoezi. Kipimo sahihi ni hiki: Je, kiitikio kimekuja mahali ambapo shairi linakihitaji, na je, mkazo wa maneno umebaki pake?

Kanda za arusini

Hapa ndipo sehemu za nje ya kisiwa zinapotoa ushahidi wao mkubwa. Studio na maduka ya santuri yalikuwa kisiwani, lakini waimbaji walivuka Makupa, feri ya Likoni na daraja la Nyali kwenda kuimba arusini, na kaseti ilipoenea Pwani katika miaka ya 1970, arusi zenyewe zilianza kurekodiwa. Kanda nyingi za Juma Bhalo zilizopita mkono kwa mkono ni za namna hiyo. Kinasa sauti kiliwekwa karibu na kipaza sauti, na upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ulichukua nusu saa bila ya kukatizwa.

Kwa kipimo cha usafi, kanda hizo hazina nafasi. Mabomba ya vipaza sauti hukoroma, vigelegele hufunika ala, mtoto hulia, mtu hutangaza jina la aliyetoa tuzo. Lakini ndani yake mna shairi zima. Mwimbaji asiyeogopa mwisho wa sahani huimba beti zote, hurudia mshororo uliopendwa, na hufikia tamati pale mtunzi alipotaka ifikiwe.

Mna kitu kingine pia ambacho studio haiwezi kukitoa. Msikilizaji wa arusini huinuka kumtuza mwimbaji pale neno linapomgusa, na kishindo cha tuzo hilo, kwa kicheko, kigelegele au sauti ya kumtaka arudie, kimenaswa ndani ya ukanda. Kwa maneno mengine, ukanda wa arusini una wimbo pamoja na uhakiki wake. Msomi anayetaka kujua fumbo lilifahamika au halikufahamika hana haja ya kukisia. Asikilize watu wameitika katika ubeti gani.

Mwitiko huo haufanani kila mahali, na tofauti yake yenyewe ni somo. Changamwe ni jina la kale, kwani Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa. Lakini reli, na kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu mwaka 1963 hadi 2013, vilileta huko wafanyakazi kutoka pande zote za Kenya. Likoni inapakana na nchi ya Wadigo. Kisauni ina Wamvita, Wagiriama na vizazi vya Frere Town. Shairi la Kimvita kizito likiimbwa mbele ya hadhara tatu kama hizo halitapokewa kwa namna moja, na mwimbaji mjuzi hubadili mwendo wake: hutamka polepole zaidi, hurudia utao, au huchagua wimbo wenye kiitikio chepesi. Rekodi za studio haziwezi kuonyesha ustadi huo, maana studio haina hadhara.

Haifai hata hivyo kuzitukuza kanda hizi kupita kiasi. Ukanda uliovutika hupunguza kasi na kushusha sauti. Nakala iliyotolewa katika nakala nyingine hupoteza mpumuo kama sahani ya zamani. Na yako maneno yaliyozama katika kelele yasiyoweza kuopolewa. Kwa upande wa pili, studio nayo ina fadhila zake. Rekodi ambazo kampuni ya GlobeStyle ya London ilizitoa mwaka 1990, moja ya Zein l'Abdin na nyingine ya Maulidi Juma, humwezesha msikilizaji kulisikia kila neno na kila mguso wa waya wa udi. Ni jambo la kuzingatia kwamba ile ya Maulidi Juma ilipewa jina la arusi ya Mombasa, ilhali arusi yenyewe haimo. Mambo mawili hayo, uwazi wa studio na ukamilifu wa arusi, hukamilishana. Hakuna linaloweza kukaa mahali pa mwenziwe.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha haja ya kutenga vipimo vitatu ambavyo hadi sasa vimechanganywa. Cha kwanza ni sauti: ulinganifu wa ala, usafi, kasi. Cha pili ni neno: ukamilifu wa beti, mpumuo, mkazo, tamati. Cha tatu ni hadhara: mwitiko, tuzo, na namna mwimbaji alivyojirekebisha kwa ajili ya waliomsikiliza. Rekodi moja huweza kupata alama ya juu katika kipimo kimoja na kuanguka katika kingine, na mhakiki hana ruhusa ya kuzijumlisha alama hizo kuwa hukumu moja bila ya kusema ni kipimo gani alichokipa uzito.

Suala hili si la nadharia tu. Kanda za sumaku zinaharibika kila mwaka, katika joto na chumvi ya Pwani, na kazi ya kuzinakili haiwezi kufanywa kwa zote mara moja. Mtu fulani atachagua ipi itangulie na ipi ingoje. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Waliokuwa wakijua shairi zima kwa moyo wanapungua. Ikiwa mchaguzi atatumia kipimo cha sauti peke yake, ataokoa sahani nzuri ya dakika 3 ambayo nakala zake zipo Paris na London, na kuuacha ukanda wenye kelele wa Likoni au Kisauni wenye beti saba, ambao nakala yake huenda ni hiyo moja tu iliyomo sandukuni mwa familia iliyofanya arusi. Sahani hiyo ingepatikana hata kesho. Beti nne za mwisho hazitapatikana tena.